Sauti Ikishakuwa ya Wote, Mkongwe Hurudi na Nini?

Ndugu mwenyekiti, wanamuziki mliohudhuria, na wasikilizaji wenzangu.

Swali nililopewa linaonekana jepesi: je, wasanii wakongwe wa muziki wa kielektroniki bado wanaweza kurudi ulingoni? Wengi hulijibu kwa kutazama mabango ya matamasha. Wanaona majina yaliyovuma miaka ya themanini na tisini yameandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, wanasikia kwamba tiketi zimekwisha, na wanahitimisha kuwa wakongwe wamekwisha kurudi, tena kwa kishindo. Mimi sitalijibu hivyo. Kujaza uwanja ni jambo moja na kurudi ni jambo jingine, kwa kuwa mtu anaweza kujaza uwanja kwa miaka ishirini kwa nyimbo alizozitunga kabla nusu ya wasikilizaji wake hawajazaliwa, na watu wakaenda kumwona kama waendavyo kuona jengo la kale. Ninaposema kurudi, nina maana kwamba msanii aliyenyamaza, au aliyesahauliwa, au aliyekwisha kuhesabiwa miongoni mwa mambo yaliyopita, anatoa kazi mpya ambayo kijana anayemwiga asingeweza kuitoa. Kipimo hicho ni kikali, najua, lakini nakitumia kwa sababu ya heshima niliyo nayo kwa watu hawa. Kumpongeza mkongwe kwa sababu tu bado yuko hai ni kumshusha hadhi.

Ugumu wa pekee wa muziki huu unatokana na ala zenyewe. Mpiga gitaa aliyestaafu akirudi baada ya miaka kumi na mitano, hurudi na vidole vyake, na vidole hivyo havikupata kuuzwa dukani wakati alipokuwa amelala. Msanii wa kielektroniki hana hifadhi ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya mshangao alioutia mioyoni mwa watu siku za mwanzo ilitokana na sauti ambayo sikio la mwanadamu lilikuwa halijawahi kuisikia, na sauti hiyo ilikaa ndani ya mashine, na mashine hushuka bei.

Tazameni mfano wa mwaka 1977. Watayarishaji wa muziki Giorgio Moroder na Pete Bellotte walipomrekodi mwimbaji Donna Summer katika wimbo wa "I Feel Love", huko Munich, walitumia sinthesaiza, yaani ala inayounda sauti kwa umeme, ya Moog iliyokuwa kubwa kama kabati, iliyohitaji fundi wa kuiendesha, na iliyokuwa ikipoteza urari wa sauti kila baada ya muda mfupi, hata ikawalazimu kurekodi kipande kifupi, wairekebishe, kisha warekodi kipande kingine. Mdundo mzito wa ngoma ya chini ulipigwa kwa mguu wa binadamu, Keith Forsey, kwa sababu mashine ilishindwa kuutoa kwa nguvu waliyoitaka. Besi ile inayokimbia bila kupumua, ambayo wakati ule ilisikika kama habari kutoka wakati ujao, leo inaweza kuundwa kwa dakika chache na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na programu isiyolipiwa. Je, mwanafunzi huyo ni sawa na Moroder? Hata kidogo. Lakini sauti anayo, na Moroder akirudi leo na sauti ile ile, msikilizaji hawezi kutofautisha baina ya baba na watoto.

Mashine nyingine zina kisa hicho hicho. Roland, kampuni ya Kijapani ya ala, walitengeneza mashine ya ngoma ya TR-808 kuanzia mwaka 1980 hadi 1983, takriban 12,000 tu, na wakaacha. Mlio wake wa kuchemka ulitokana na transista zilizokuwa na kasoro, zilizokataliwa kwa kazi nyingine, na teknolojia ya transista ilipoboreka kasoro hizo hazikupatikana tena. TB-303, mashine yao ya besi, nayo ilibuniwa ili imsaidie mpiga gitaa afanye mazoezi asipokuwa na mpiga besi. Ikashindwa kazi hiyo, ikaacha kutengenezwa mwaka 1984, ikauzwa kwa bei ya kutupa, na ndipo vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakazungusha vifundo vyake kinyume na alivyokusudia mtengenezaji, wakatoa "Acid Tracks" mwaka 1987. Ninazitaja habari hizi kwa sababu zinaonyesha kwamba waanzilishi hawakuwa watu walionunua sauti nzuri. Walikuwa watu walioisikia sauti nzuri ndani ya kifaa ambacho wengine walikuwa wamekwisha kukidharau. Leo mlio wa 808 umo katika kila simu, na kila mtu anajua kuwa ni mzuri, kwa hiyo hakuna tena anayepata sifa kwa kuutambua.

Hapo ndipo lilipo swali langu la leo: sauti ikishakuwa ya wote, mkongwe anabaki na nini?

Jibu la kwanza ambalo wakongwe wengi hulijaribu ni kuvaa nguo za vijana. Mwaka 2015 Moroder mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 75, alitoa albamu ya Déjà Vu, na humo aliwaita waimbaji waliokuwa wakivuma: Sia, Charli XCX, Britney Spears, Kylie Minogue. Nilikuwa nimeingoja albamu hiyo kwa hamu kubwa, na niliisikiliza mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mkono wake ungejitokeza. Sikupaona. Kila kitu kilikuwa safi, kila mdundo ulikaa mahali pake, lakini alikuwa amejifunza lugha ya wajukuu zake na kuizungumza kwa adabu, ilhali sisi tulitaka kusikia lugha aliyoizaa yeye imefika wapi ndani ya kichwa chake baada ya miaka yote ile.

Jibu la pili ni la Kraftwerk, nalo ni la heshima zaidi, ingawa kwangu halitoshi. Ralf Hütter na Florian Schneider walilianzisha kundi hilo Düsseldorf mwaka 1970, na albamu walizotoa kuanzia Autobahn ya 1974 hadi Computer World ya 1981 ziliweka msingi ambao techno, hip hop na pop ya sinthesaiza zote zimejengwa juu yake. Albamu yao ya mwisho yenye nyimbo mpya ilitoka mwaka 2003, ikihusu mbio za baiskeli za Ufaransa. Tangu hapo hawajatoa nyingine. Badala yake waliichukua kazi yao yote wakaisafisha, wakaipa picha za pande tatu, na Aprili 2012 wakaipiga katika jumba la sanaa la MoMA, New York, kwa usiku nane, albamu moja kila usiku. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo Tate Modern, London. Schneider alikuwa amekwisha kuondoka, na alifariki mwaka 2020. Hütter anaendelea. Waliohudhuria hutoka wameridhika, nami siwalaumu. Lakini kundi linapoingia katika jumba la makumbusho kwa hiari yake, limekiri jambo fulani kuhusu kazi yake: kwamba imekamilika. Huo ni uamuzi wa watu waliojua thamani ya walichofanya, na huenda ni sahihi kwao. Kurudi, kwa maana niliyoieleza, si huko.

Kabla sijafika kwa waliofaulu, niseme jambo fupi kuhusu biashara. Jukwaa la kusikilizia muziki kwa intaneti limemfanya mkongwe ashindane na yeye mwenyewe, kwa kuwa wimbo wake mpya unakaa kwenye ukurasa mmoja na wimbo wake maarufu wa miaka thelathini iliyopita, na kidole cha msikilizaji kinajua njia ya kuelekea kwenye ule wa zamani. Mara nyingine wimbo hurudi bila mwenyewe. Mwaka 2022 "Running Up That Hill" wa Kate Bush, uliotungwa kwa sinthesaiza ya Fairlight na kutolewa mwaka 1985, ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa sababu ulisikika katika tamthilia ya televisheni. Ulikuwa ushindi mkubwa wa wimbo. Mwenye wimbo hakuhitaji kufanya lolote. Matamasha nayo yana mvuto wake: ndugu wawili wa Orbital waliaga mwaka 2004, wakarudi 2009, wakaaga tena 2014, wakarudi tena 2017, na sioni aibu yoyote katika jambo hilo, kwani ndugu hugombana na kupatana, ila linaonyesha kuwa mlango wa jukwaa huwa wazi daima kwa jina linalojulikana. Mlango wa kazi mpya ndio mzito.

Sasa nije kwa Daft Punk, wasanii wawili wa Ufaransa, kwa sababu kwao nilijifunza zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mwaka 2005 walitoa albamu iliyopokewa kwa ubaridi. Mwaka 2006 na 2007 walizunguka na jukwaa la piramidi lililobadilisha kabisa namna watu walivyofikiri kuhusu maonyesho ya muziki wa mashine, na kuanzia hapo vijana wengi, hasa Marekani, wakaanza kutengeneza muziki mkubwa, wa kishindo, uliojaza viwanja, kwa programu za kompyuta. Wawili hawa walipotazama kulia na kushoto walikuta dunia nzima inazungumza kwa sauti yao. Wangeweza kutoa kitu cha namna hiyo hiyo, kikubwa zaidi, na kingeuzwa. Walichofanya ni kuingia studio na wapigaji waliokuwa wakongwe kuliko wao: Nile Rodgers kwenye gitaa, Nathan East kwenye besi, Omar Hakim na John Robinson kwenye ngoma. Random Access Memories ilitoka Mei 2013, ngoma zake karibu zote zikiwa zimepigwa na binadamu, na Januari 2014 ikatwaa tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka.

Wapo waliosema kwamba huko ni kuukana muziki wa kielektroniki. Naona kinyume. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Muziki wa house, uliowalea wawili hawa, ulizaliwa na disko, na kazi yao yote ya mwanzo ilikuwa kukata vipande vya santuri za disko na kuvizungusha. Mwaka 2013 walikwenda kwa wale watu wenyewe ambao vipande vyao vilikuwa vikikatwa. Masikio waliyoyanoa kwa miaka ishirini ya kuchagua sekunde mbili nzuri ndani ya wimbo wa dakika tano, sasa waliyatumia kuchagua nini kipigwe na kipigwe vipi. Sauti ilibadilika, uchaguzi ukabaki ule ule. Na katika albamu hiyo hiyo walimfanyia Moroder jambo ambalo yeye mwenyewe hakuweza kujifanyia miaka miwili baadaye: walimkalisha mbele ya maikrofoni za vizazi mbalimbali, wakamwomba asimulie maisha yake, na wakaujenga muziki kuizunguka sauti yake ya mzee. Hakugusa kifundo hata kimoja, na bado katika wimbo ule yupo kuliko alivyo katika albamu yake nzima ya 2015.

Hapa mtu makini atanyanyua mkono na kuniuliza kuhusu Aphex Twin, na atakuwa na haki. Richard D. James, mwenye jina hilo la kisanii, alitoa albamu ya Drukqs mwaka 2001, kisha kwa jina hilo hakutoa albamu nyingine kwa miaka 13. Agosti 2014 puto kubwa lenye nembo yake lilionekana juu ya anga la London, na Septemba ikatoka Syro. Hakubadilisha nguo. Hakuita waimbaji wapya, hakuajiri wapiga ngoma, wala hakutafuta mtindo wa siku hizo. Ilikuwa ni yeye yule, na wasikilizaji waliipenda, na Grammy ya albamu bora ya muziki wa dansi na wa kielektroniki ikafuata. Je, hiyo haivunji hoja yangu kwamba sauti ya zamani haitoshi?

Nilidhani inaivunja, kwa miezi kadhaa. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2015 mtu asiyejitaja jina alianza kupakia kwenye intaneti nyimbo zisizopata kutolewa, moja baada ya nyingine, hadi zikapita mia moja, na ikadhihirika kuwa ni James mwenyewe anaifungua kabati. Ndipo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nimechanganya kunyamaza na kuacha kazi. Mtu huyu hakuwa amekwenda popote. Kwa miaka ile yote, ukiondoa machapisho machache kwa majina mengine, aliamka na kutengeneza muziki, akanunua mashine, akazifungua na kuzigeuza, akabadilisha urari wa noti zake hadi zisifanane na za kinanda cha mtu mwingine. Ukiisikiliza Syro kwa utulivu utagundua kwamba ufanano wake na kazi za zamani ni wa juu juu. Ndani yake kila mlio unageuka na hakuna kipimo cha muziki kinachorudiwa kama kilivyo, kwa ustadi ambao hakuwa nao mwaka 2001. Kilichorudi ni jina. Mkono ulikuwa kazini siku zote.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nadhani ndilo linalowatenganisha wanaoweza kurudi na wasioweza, kuliko umri, kuliko fedha, na kuliko mtindo unaovuma. Katika muziki huu ujuzi hauishi vidoleni. Unaishi sikioni na katika uamuzi: kusikia milio mia moja na kukataa tisini na tisa. Sikio lisilofanya kazi huganda pale lilipoachwa, na msanii ambaye sikio lake liligandia mwaka 1996 atarudi akichagua kama mtu wa mwaka 1996, hata ukimpa vifaa vya leo.

Kuna kikwazo kingine kinachotokana na jina lenyewe. Tracey Thorn na Ben Watt wa Everything But The Girl walitoa albamu yao ya mwisho ya zamani mwaka 1999, kisha wakaliweka jina hilo kando kwa zaidi ya miaka ishirini; Watt akawa didjei na mwenye lebo, Thorn akaandika vitabu na kutoa albamu za peke yake. Walipoanza kurekodi pamoja tena mwaka 2021 hawakumwambia mtu, na faili zao kwenye kompyuta waliziita TREN, yaani Tracey na Ben, ili wasilazimike kuliona jina la kundi wakiwa kazini. Mimi nalipenda sana jambo hilo dogo. Watu wawili waliokuwa na haki yote ya kujivunia jina lao walijua kwamba jina hilo likikaa chumbani litaanza kuwadai wimbo wa namna ya "Missing", wimbo wao uliovuma, na kwamba kazi mpya ingezaliwa tu kama lingebaki nje ya mlango. Albamu hiyo mpya, Fuse, ilitoka Aprili 2023. Sauti ya Thorn imeshuka, ina uzito ambao haikuwa nao alipokuwa na umri wa miaka thelathini, na midundo inayoizunguka ni ya leo kabisa. Mgongano huo wa mashine isiyozeeka na koo lililozeeka ndio unaoipa albamu hiyo maana, na hakuna kijana anayeweza kuuiga, kwa kuwa anakosa nusu ya pili.

Sitakaa sana juu ya vifo, ingawa kizazi hiki kimefika umri wa kuzikana. Kundi la Depeche Mode walikuwa wamekwisha kuanza kutunga nyimbo za albamu ya Memento Mori wakati mwenzao Andy Fletcher alipofariki ghafla Mei 2022. Wawili waliobaki waliikamilisha, nayo ikatoka Machi 2023, na kwa maoni yangu ni kazi yao bora kwa miaka mingi. Kundi la The Prodigy walimpoteza mwimbaji wao Keith Flint Machi 2019 na wakarudi jukwaani mwaka 2022. Kisa chao ni kigumu, kwa sababu mtunzi wa muziki ule, Liam Howlett, yu hai, lakini uso ambao dunia iliujua haupo, na jukwaa huhitaji uso hata pale ambapo muziki wenyewe haukuuhitaji. Kwa wao nasubiri kazi mpya kabla ya kutoa hukumu.

Lakini siwezi kumpita Ryuichi Sakamoto. Alikuwa mmoja wa watatu wa Yellow Magic Orchestra, waliofanya Japani mwishoni mwa miaka ya sabini kazi inayolingana na ile ya Kraftwerk. Mwaka 2014 aligundulika kuwa na saratani ya koo, akasimamisha kazi. Aliporudi mwaka 2017 na albamu ya async, hakurudi na sinthesaiza za ujana wake. Alirudi pamoja na kinanda cha piano kilichozama katika tsunami ya mwaka 2011, nyuzi zake zikiwa zimelegezwa na maji ya bahari, na hakutaka kirekebishwe. Alikisikiliza kama kitu ambacho maumbile yalikuwa yamekirudisha katika hali yake. Rekodi hizo aliziweka pamoja na milio ya mashine, bila kuficha ipi ni ipi. Mtu aliyetumia maisha yake kuzifundisha mashine ziimbe alikuwa amefika mahali pa kusikia muziki ndani ya ala iliyoharibika, na hilo, mkikumbuka habari ya transista zenye kasoro na TB-303 iliyotupwa, ndilo hasa sikio la mwanzilishi. Alifariki Machi 2023, miezi miwili baada ya kutoa albamu yake ya mwisho siku alipotimiza miaka 71.

Mpaka sasa nimezungumzia majina makubwa, na naogopa mtadhani kwamba kurudi ni jambo la waliokwisha kuwa matajiri. Visa vinavyonigusa zaidi ni vya watu ambao hawakupata kusikika vya kutosha mara ya kwanza. Beverly Glenn-Copeland, huko Kanada, alirekodi mwaka 1986 kwa kinanda cha DX7 na mashine ya ngoma kaseti iliyoitwa Keyboard Fantasies. Nakala zake zilikuwa chache mno, na karibu hakuna aliyeinunua. Mwaka 2015 mkusanyaji wa muziki kutoka Japani alimwandikia akiomba nakala zozote zilizobaki. Kutokana na barua hiyo kaseti ikachapishwa upya, mwenyewe akaanza kualikwa kuimba akiwa na zaidi ya miaka sabini, na mwaka 2023 akatoa The Ones Ahead, kazi mpya, ya mtu mzima, isiyojaribu kuirudia ile ya mwanzo.

Hailu Mergia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa. Walipokwenda Marekani mwanzoni mwa miaka ya themanini, yeye alibaki huko. Mwaka 1985 alijifungia peke yake na akodiani, piano ya umeme, sinthesaiza ya Moog, DX7 na mashine ya ngoma, akarekodi nyimbo za zamani za Ethiopia kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa amezisikia hivyo. Kaseti ilipendwa nyumbani, kisha ikasahauliwa, na mtunzi wake akawa dereva wa teksi Washington. Alikuwa akibeba kinanda ndani ya buti la gari, na alipokuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege akingoja abiria, alikitoa akapiga. Alifanya hivyo kwa miaka, bila tamasha lililokuwa mbele yake na bila mtu aliyemwomba. Mwaka 2013 Awesome Tapes From Africa waliichapisha upya kaseti yake baada ya mwenye lebo hiyo kuiokota dukani Ethiopia, na simu zikaanza kulia. Wengine wote waliokuwa wameacha kupiga wangetoa kumbukumbu. Mergia alitoa Lala Belu mwaka 2018, na ukiisikiliza unasikia mtu aliye katikati ya mazungumzo ambayo hayakukatika, kwa sababu hayakukatika, yaliendelea kwenye foleni ya teksi.

Ningependa kumalizia na mtu aliyekataa. William Onyeabor wa Nigeria alitoa albamu nane kati ya mwaka 1977 na 1985, zilizojaa sinthesaiza na mashine za ngoma kwa wingi ambao ni wachache duniani waliokuwa nao wakati ule, kisha akaokoka na kuacha muziki huo kabisa. Mwaka 2013 lebo ya Luaka Bop ilikusanya nyimbo zake katika santuri yenye jina la swali kuhusu yeye ni nani, na ghafla vijana wa mabara mbalimbali wakawa wanazicheza. Bendi iliundwa kuzipiga nyimbo zake majukwaani. Kila kitu ambacho mkongwe angeweza kukiomba kilikuwa tayari: wasikilizaji, wapigaji, jukwaa, na dunia iliyokuwa hatimaye imefika pale alipokuwa amesimama miaka thelathini kabla. Aliyakubali machapisho. Jukwaa hakulitaka, na alipozungumza na watu alipendelea kuzungumza juu ya imani yake. Wapo wanaohesabu hilo kuwa hasara, na nimewasikia wakisema kwamba angebembelezwa zaidi. Mimi sikubaliani nao. Sikio lake lilikuwa limehamia kwingine kwa hiari yake, naye alilijua hilo kuliko waliokuwa wakimwita. Alifariki nyumbani kwake Enugu Januari 2017, bila kupanda jukwaani kuwapigia wasikilizaji wake wapya hata wimbo mmoja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nitapokea maswali.